Kwa nini Raj hakumtorosha Simran?

Mara ya kwanza nilipoiona filamu ya Kihindi Dilwale Dulhania Le Jayenge, kwa mkanda wa video uliokuwa umechakaa, watoto wote sebuleni tulimzomea Raj. Raj na Simran wanapendana, lakini baba yake Simran anamwoza kwa mwingine; Lajjo, mama yake Simran, amewaletea vito vyake vya dhahabu na kuwasihi wakimbie. Steringi anakataa! Anaanza kusimulia maneno ya marehemu mama yake, eti maishani kuna njia mbili. Sisi tulitaka pikipiki.

Juzi nimeirudia, zaidi ya saa tatu bila kuruka wimbo hata mmoja, na safari hii nikaelewa.

Jibu limo dukani kwa baba mkwe, mapema kabisa katika picha. Raj anafika kwa Baldev Singh, baba yake Simran, jijini London duka likiwa limeshafungwa, anasingizia kuumwa kichwa ili auziwe dawa, halafu anaondoka na bia. Kwa Baldev, huyo ndiye kijana wa Kihindi aliyeharibiwa na Uingereza. Aliyenyakua bia akija kunyakua na binti, mzee atakuwa alisema kweli tangu mwanzo. Kutoroka kungempa Raj mke na kumpa Baldev ushahidi.

Ikumbukwe pia picha ilitoka lini: 20 Oktoba 1995, miaka minne baada ya India kulegeza uchumi wake, wakati Wahindi wa ughaibuni walipoanza kuhesabiwa kama watazamaji wa maana. Wapenzi wa filamu ya Bobby (1973) walitoroka. Wale wa Qayamat Se Qayamat Tak (1988) walitoroka wakafa. Aditya Chopra, kijana wa miaka 24 aliyekuwa akiongoza filamu yake ya kwanza, akampeleka Raj Punjab, India, kwao Baldev, ndani ya nyumba ya harusi yenyewe, amchagulie shangazi sari na kujifanya rafiki wa bwana harusi. Aliyekulia ng'ambo ndiye atakayeshika mila kuliko waliobaki nyumbani. Kichekesho ni kwamba jina la filamu, lililotoka kwenye wimbo wa picha ya 1974, linasema wenye moyo watamchukua bibi harusi. Huyu wetu anangoja apewe.

Utotoni Baldev alikuwa adui tu, kwa macho yale ya Amrish Puri. Sasa namwona pale mwanzo, akiwalisha njiwa Trafalgar Square, mwili London na roho Punjab, na namhurumia kidogo. Kidogo tu. Ule utani wa safarini Uswisi nao, Raj anapomwaminisha Simran kwamba usiku ule walilala pamoja, zamani ulituchekesha; safari hii nilikunja uso.

Aliyenishika hasa ni Lajjo, aliyechezwa na Farida Jalal. Anamweleza bintiye jinsi alivyokatishwa masomo ili kaka zake wasome, kisha akajinyima kama binti, kama dada, kama mke. Simran alipozaliwa aliapa mtoto huyu hatapita huko. Halafu anamwomba amsahau Raj, kwa sababu kiapo kile hakuwa na haki ya kukila. Utotoni nilikuwa naenda kunywa maji kwenye sehemu hii.

Mumbai, ukumbi wa Maratha Mandir karibu na stesheni ya Mumbai Central uliendelea kuionyesha hata ikatimiza wiki 1,000 mwezi Desemba 2014. Wengi wanaijua ile treni ya mwisho, iliyopigwa picha stesheni ya Apta: Raj damu usoni, Simran mkono umeshikwa na baba, hadi Baldev anapouachia na kumwambia aende. Ruhusa hiyo ndiyo tuliyoipigia makofi. Mama alikwisha kuitoa zamani, pamoja na dhahabu, na Raj hakuihesabu.