Kusoma orodha ya abiria wa Le Havre kwenda New York, 1907–1914

Anayemtafuta babu Mfaransa aliyehamia Marekani huanzia kwenye kumbukumbu za Ellis Island, kituo cha kuwapokea wahamiaji bandarini New York. Orodha ya abiria atakayoikuta, hata hivyo, haikuandikwa Ellis Island. Ilijazwa na makarani wa kampuni ya meli huko Ulaya. Mkaguzi wa New York aliipokea ikiwa tayari, akayalinganisha majibu na maneno ya mgeni aliyesimama mbele yake. Kwa hiyo jina lililoharibika kwa kawaida liliharibika kabla meli haijang'oa nanga. Tafuta kwa tahajia ambayo karani angeandika kwa kusikia tu.

Wala usidhani kila aliyepanda meli ya Compagnie Générale Transatlantique, kampuni ya Kifaransa ya njia ya Le Havre–New York, alikuwa Mfaransa. Daraja la tatu lilijaa Waitalia, Waswisi na Washami waliofika Le Havre kwa treni au kwa meli nyingine. Safu ya uraia na ile ya kabila zisomwe pamoja: mtu wa Alsace, eneo lililokuwa chini ya Ujerumani wakati huo, mwaka 1910 alikuwa raia wa Ujerumani, hata kama nyumbani kwao kilisemwa Kifaransa.

Tangu 1907 fomu ilitandazwa kurasa mbili, abiria 30, maswali 29. Wengi hunakili ukurasa wa kushoto na kuuacha wa kulia, na hiyo ni hasara kubwa. Kushoto kuna umri, kazi, makazi ya mwisho na ndugu aliyebaki nyumbani. Kulia ndiko kuliko mahali pa kuzaliwa, nani alilipa tiketi, fedha mkononi, anakwenda kwa nani, urefu, rangi ya macho. Swali moja tu la upande huo silipi uzito: je, umeahidiwa kazi? Sheria ya 1885 ilizuia kuingia na mkataba wa kazi, basi karibu wote walijibu hapana.

Kisha soma pembeni. Jina lililofutwa kwa mstari mara nyingi ni la mtu aliyekata tiketi asipande. Mtafute katika meli iliyofuata. Alama ya X kushoto huonyesha alizuiliwa, na herufi S.I. (Special Inquiry) kwamba alipelekwa mbele ya baraza la uchunguzi. Hapo nenda mwisho wa orodha ya meli hiyo: kuna karatasi ya waliozuiliwa, yenye sababu, saa ya kuachiwa, na hesabu ya milo, kwa kuwa kampuni ya meli ndiyo iliyolipia chakula. Mwanamke aliyesafiri peke yake aghalabu alisubiri hapo mpaka ndugu afike au simu ya maandishi ijibiwe.

Orodha ikikwama, geukia rejista ya jeshi ya Ufaransa, iliyoandikisha vijana wa kiume wa umri wa miaka 20. Chukua mwaka wa kuzaliwa, ongeza 20: aliyezaliwa 1885 yumo katika kundi la 1905. Rejista huhifadhiwa katika nyaraka za mkoa wa Ufaransa ambako familia iliishi, na ina safu ya makazi yaliyofuatana. Aliyejiandikisha kwa konseli (mwakilishi wa Ufaransa ugenini) anaweza kuonekana humo New York au San Francisco, pamoja na tarehe. Aliyepuuza wito wa jeshi ameandikwa *insoumis*.