Kiduha si gugu tu, ni kimelea

Msimu huu nimelisikia kila mahali, mkutanoni kule Bahi na ndani ya basi la kurudi Dodoma mjini: "Mtama umemalizwa na lile gugu la maua mekundu, tungewahi tu kupalilia." Lile ni kiduha. Ukiita gugu mmea wowote usiotakiwa shambani, sawa, nacho kimo. Ila jina hilo linaficha kinachofanya. Kiduha ni kimelea: kinaishi kwa kujilisha kutoka kwenye kiumbe kingine kilicho hai.

Neno lenyewe limebeba maana yake. Mbegu humea. Ikimea juu ya kitu kingine, imekimelea. Hapo ndipo tulipopata kimelea. Leo tunalisikia zaidi zahanati, vimelea vya malaria, mpaka tumesahau kwamba shina la neno ni lile lile la mmea. Inaniuma kuona mmea unaolistahili kabisa ndio unaonyimwa.

Gugu la kawaida na mtama ni majirani wanaogombea kisima kimoja. Kila mmoja ana mizizi yake, ukiling'oa gugu mtama unapata nafuu. Kiduha hakigombei kisima, kinakunywa kutoka kinywani mwa mtama. Mbegu yake, ndogo kama chembe ya ugoro, yaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Mvua peke yake haiiamshi. Husubiri kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mtama, uwele au mahindi. Ikishaota hujichomeka ndani ya mzizi ule, ikanyonya maji na chakula. Wiki kadhaa kinafanya kazi hiyo chini ya udongo, hukioni. Ua jekundu linapochungulia, dogo na zuri kweli, mtama umeshadumaa, majani yamenyauka hata kama ardhi bado ina unyevu.

"Mbona kina majani mabichi, mwanangu?" mama mmoja aliniuliza akiwa ameegemea jembe. Kweli mama, kinajipikia kidogo, ndiyo maana huitwa nusu-kimelea. Tukachimbua polepole. Chini ya udongo shina lake ni jeupe, na pale lilipokutana na mzizi wa mtama pana kinundu kidogo. Akakigusa kwa kidole, akanyamaza.

Kuking'oa bado kuna faida, maana mmea mmoja waweza kumwaga mbegu zaidi ya 50,000. King'olewe kabla hakijazaa. Lakini hiyo ni kazi ya kuokoa misimu ijayo. Njia nyingine ni kupanda pamba au karanga: mizizi yake huiamsha mbegu ya kiduha, nayo ikakosa pa kujishika, ikafa. Gugu la kawaida huwezi kulihadaa hivyo.

Basi mama, ukisimulia tena, usiseme gugu limeota kwenye mtama. Sema kiduha kimeumelea mtama.