iMac ya Zamani Kuwa Monita: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

iMac, kompyuta ya Apple yenye kioo na mashine pamoja, ya inchi 27 ya mwaka 2011 ina kioo cha pikseli 2560 kwa 1440, na kioo hicho bado kinazishinda monita nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo. Kwa hiyo kompyuta ikishakuwa nzito hata kufungua kivinjari, mwenye nayo huona uchungu kuitupa stoo. Anataka achomeke laptopu, aitumie kama monita. Inawezekana, lakini kwa baadhi ya iMac tu, na watu wengi hununua kebo kabla ya kujua yao ni ya mwaka gani.

"Ina tundu la HDMI au DisplayPort, basi itapokea picha"

Matundu hayo kwenye kompyuta nyingi hutoa picha tu. Ukiunganisha kompyuta mbili kwa HDMI, zote zinasema na hakuna inayosikiliza. Zipo kompyuta za kioo na mashine pamoja, zikiwemo baadhi za HP, Dell na Lenovo, zenye tundu la pili lililoandikwa HDMI IN. Hizo hupokea. Yako kama haina maandishi hayo, kebo haitakusaidia.

"iMac zote za zamani zinakubali"

Uwezo huu, ambao Apple waliuita Target Display Mode, ulianza na iMac ya inchi 27 ya mwishoni mwa 2009 na kukoma na zile za katikati ya 2014. Ya inchi 21.5 ya 2009 au 2010 haimo, ingawa tundu lake linafanana kabisa na la dada yake mkubwa. Mwaka wa mashine utauona kwenye menyu ya tufaha, sehemu ya "About This Mac". Anayenunua ya mtumba aombe picha ya ukurasa huo kabla ya kulipa.

"Kebo ikiingia, imekubali"

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Za 2009 na 2010 zina tundu la Mini DisplayPort, na zinapokea picha hata kutoka laptopu ya Windows yenye DisplayPort, mradi kebo iwe sahihi. Kuanzia 2011 Apple waliweka Thunderbolt, tundu linalopitisha picha na data pamoja. Umbo la tundu ni lile lile, kebo ya zamani inaingia bila kusukumwa, na kioo kinabaki na picha yake kana kwamba hujachomeka kitu. Iliyo na Thunderbolt inataka kebo ya Thunderbolt na Mac yenye Thunderbolt upande wa pili. Angalia alama pembeni ya tundu: mshale wa radi ni Thunderbolt.

Hata kebo ikiwa sahihi, mfumo wa kuendeshea kompyuta nao una masharti. Apple wanataka iMac inayopokea iwe na macOS High Sierra au iliyotoka kabla yake, na Mac inayotuma iwe ya 2019 au kabla, yenye macOS Catalina au iliyotoka kabla yake. Kwa hiyo aliyehangaika kuipandisha iMac yake mfumo mpya huenda amejifungia mlango mwenyewe. Kisha ingia kwenye akaunti ya iMac na ubonyeze Command na F2 kwenye kibodi yake. Baadhi ya kibodi za kampuni nyingine hazifanyi kazi hapa.

"Yenye kioo cha 5K itakuwa bora zaidi"

Kioo ni bora, ila hakipokei. Picha ya pikseli 5120 kwa 2880 ilikuwa nzito kuliko DisplayPort 1.2 ingeweza kubeba kwa mkondo mmoja, hivyo iMac ya 5K ya mwishoni mwa 2014 ilitoka bila uwezo huu. Thunderbolt 3 ilipofika kwenye iMac 2017, Apple hawakuurudisha. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uchoyo.

"Ikishakuwa monita, kompyuta ya ndani inalala"

Hailali. Prosesa, feni na diski vinaendelea, na umeme unaliwa na kompyuta nzima. Ndiyo maana iMac isiyowaka haiwezi kuwa monita kwa njia hii.

"Basi tumia Wi-Fi"

AirPlay, njia ya Apple ya kurusha picha bila waya, ya kupokelea kwenye Mac ilikuja na macOS Monterey mwaka 2021, na kwa iMac inaanzia za 2019, pamoja na iMac Pro ya 2017. Kwenye Windows 10 na 11 kuna "Projecting to this PC", inayofaa kompyuta nyingi zenye Wi-Fi inayokubali Miracast, njia nyingine ya kurusha picha bila waya. Kwa kusoma hati inatosha. Kipanya kinachelewa kidogo, na michezo usijaribu.

"Fundi hawezi kufanya lolote"

Anaweza. Hutolewa bodi yote ya kompyuta, ikawekwa bodi ndogo ya kuendeshea kioo yenye HDMI au DisplayPort. Bodi hiyo lazima ilingane na namba iliyo nyuma ya kioo chenyewe, kwa mfano LM270WQ1. Mwaka wa iMac pekee hautoshi. Mpe anayejua pawasapulai, yaani sehemu inayogawa umeme ndani, kwa sababu kapasita zake, vipande vinavyohifadhi umeme, hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Ukishafika hapo, kompyuta imekwisha, na kwa kawaida kamera na spika za ndani huondoka nayo.