Vyuma vikikaza: tunayoambiana Mwanza, na ukweli wake

Kuanzia Mwaloni Kirumba hadi stendi ya Nyegezi, mtu akilalamika kuwa hali ngumu hakosi wa kumtia moyo. Ataambiwa avumilie, akaze, asikate tamaa, atatoboa tu. Nia huwa njema. Shida ni kwamba mengi ya maneno hayo yamesimama juu ya mambo yasiyo kweli, na aliyeyaamini, siku yakimwangusha, anabaki hana pesa na moyo nao umekwisha. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"Wametangaza mfumuko umeshuka, kwa hiyo bei zitarudi chini"

Hazirudi. Mfumuko wa bei ni kasi ya kupanda. Kasi ikipungua, bei bado inapanda, ila polepole. Chukua kitu cha shilingi 10,000. Mfumuko ukiwa asilimia 4, mwaka unaofuata utakinunua kwa 10,400. Mwaka wa pili mfumuko ukishuka hadi asilimia 3, utakinunua kwa 10,712. Redio itasema mfumuko umeshuka, na itakuwa imesema kweli. Mfuko wako utasema umetoa zaidi, nao hautakuwa umedanganya.

Kwa takwimu za NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wastani wa mfumuko ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, ukawa 3.8 mwaka 2023, na 3.1 mwaka 2024. Mama wa Buhongwa akisikia hivyo anacheka kwa uchungu, maana jikoni kwake haoni hiyo tatu. Sababu ipo. Katika kapu la bidhaa linalotumika kupima mfumuko wa taifa, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa takribani 28 katika kila 100. Kaya inayopanga chumba Igoma na kutumia nusu ya kipato kwa unga, mchele, maharage na mafuta ya kula ina kapu lake tofauti kabisa. Mchele ukiruka bei, kaya hiyo inaumia karibu mara mbili ya inavyoonekana kwenye wastani. Kwa hiyo wataalamu hawajakudanganya, na wewe pia hulalamiki bure.

Hapa ndipo matumaini mengi yanapopotelea: kusubiri bei za 2019 zirudi ndipo mtu aanze kujenga, kuoa au kumpeleka mtoto chuo. Matumaini yenye faida yako kwenye vitu vinavyopanda na kushuka kweli. Mahindi na mchele hulegea baada ya mavuno, katikati ya mwaka, na wenye busara hununua gunia kwa kuchangishana wakati huo. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kuna miezi zinashuka. Nauli ya daladala ni jambo jingine: hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, haifuati petroli mwezi kwa mwezi, kwa hiyo usigombane na kondakta.

"Fikiria mafanikio tu, yatakuja yenyewe"

Wahamasishaji wanaishi kwa sentensi hii. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen, pamoja na mwenzake Doris Mayer, aliwafuatilia vijana wa Ujerumani waliokuwa wakimaliza chuo na kutafuta kazi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Waliozoea kujipa picha tamu za kazi nzuri kana kwamba wameshaipata, miaka miwili baadaye walikuwa wamepata nafasi chache zaidi na mishahara midogo kuliko wenzao. Walioamini kwamba kwa hali yao kazi inawezekana ndio waliofanya vizuri. Tofauti ni nyembamba lakini ina uzito. Anayeota tayari ameonja utamu, kwa hiyo hasukumwi. Anayeamini bado anatuma maombi.

Sisemi usiote. Ota, kisha jiulize ni kitu gani hasa kitakuzuia Jumatatu asubuhi, na utakifanyia nini.

"Biashara ikifa, mwenyewe ndiye aliyekosea"

Hii ndiyo inayoumiza zaidi, na ndiyo yenye uongo mwingi zaidi. Nenda Kigongo. Kwa miaka mingi magari yalipanga foleni pale kusubiri kivuko cha kwenda Busisi, na foleni ilikuwa soko: samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, maji, soda, korosho. Juni 19, 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, kilomita tatu juu ya maji. Safari iliyokuwa ikila saa nzima na zaidi kwa kusubiri na kuvuka sasa ni dakika chache. Mgonjwa wa Sengerema anayepelekwa Hospitali ya Bugando usiku ana sababu ya kushukuru, na mfanyabiashara wa Geita vilevile. Aliyekuwa akiuza samaki dirishani mwa basi amepoteza wateja, na hakukosea lolote. Hakuzembea, hakunywa mtaji. Kilichobadilika ni barabara.

Dagaa nao ni hivyohivyo. Mwanamke wa Igombe ananunua ndoo kadhaa alfajiri, anaanika mchangani, jua likiwaka vizuri anauza jioni. Mvua ikinyesha saa sita mchana, dagaa walewale wanaharibika na kuuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha kuku. Ukimwambia "jipange", umeongea na mtu badala ya kuongea na mawingu. Lenye maana ni kuuliza kama anaweza kupata chanja za kuanikia zilizoinuliwa juu ya ardhi, ambako dagaa hukauka haraka na ni rahisi kufunika mvua ikija, na kama wenzake wanaweza kuchangia turubai moja. Swali la namna hiyo lina hatua ya kufuata. Lawama haina.

Kutenganisha kosa langu na bahati mbaya yangu si kujitetea. Aliyekosea hubadili tabia. Aliyepigwa na mvua hubadili vifaa, msimu au mahali. Ukizichanganya hizo mbili utarekebisha ambacho hakijaharibika.

"Maskini hajui kupanga pesa"

Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao. Waliwapima uwezo wa kufikiri wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, ambao hupata pesa kwa mkupuo wakati wa mavuno. Mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno, pesa zikiwa zimekwisha, kuliko baada ya kulipwa. Kichwa ni kilekile. Kilichokuwa kimekijaza ni madeni na hesabu za kesho.

Kwetu mavuno yanafuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuwavuta na taa. Zamani ilikuwa karabai, sasa nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikikolea taa haiwavuti tena, mitumbwi inapumzika siku kadhaa, na kisiwa kizima kinaanza kukopa dukani. Kinachotokea siku hizo, ugomvi wa ndani, maamuzi ya haraka, simu kuwekwa rehani, tunakiita tabia mbaya. Mimi naona ni mwezi. Na kwa kuwa mwezi una kalenda, uamuzi mkubwa unaweza kufanywa giza likiwa bado linalipa: ada, kodi ya chumba, hisa za kikoba. Usimwombe mtu hekima siku yake mbaya kuliko zote kama angeweza kuamua wiki mbili kabla.

"Kukopa ni kupambana"

Inategemea unakopa wapi. Mkopo wa kausha damu wa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi unadai 60,000 kila mwezi, na hapo mtaji haujaguswa. Baada ya miezi mitano umelipa 300,000 na bado unadaiwa 300,000. Huko si kupambana. Zile programu za simu zinazotoa pesa kwa dakika mbili kisha kuwatumia ujumbe ndugu zako wote ukichelewa, nyingine hazina hata leseni: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Kabla ya kubonyeza, hakikisha anayekukopesha ana leseni ya Benki Kuu. Na kikoba chenye mfuko wa jamii, ule wa msiba na ugonjwa, kwa kawaida hukufaa kabla hujafika kwa hao.

"Anayekosa usingizi hana imani"

Imani anaweza kuwa nayo tele na bado akaugua sonona. Wanaume wa kwetu huificha kwenye pombe au kwenye ukimya, na wengi hawana hata jina lake. Dalili kuu ni huzuni, au kutofurahia chochote, sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi, pamoja na mambo kama usingizi kuvurugika, uchovu, kujiona huna thamani au kuwaza kufa. Ikifikia hapo, kuambiana "kaza" kunachelewesha tiba. Anza zahanati iliyo karibu na uombe rufaa ya afya ya akili. Bugando wana idara yake. Kwa anayewaza kujidhuru, usisubiri Jumatatu: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, mkiwa wawili, na njiani asiachwe peke yake.