Tunapoinua glasi, tunamwombea mwenzetu nini?

Kwa kuwa nafundisha sarufi ya Kiswahili hapa Moshi, marafiki huniomba mara kwa mara niwatazamie maneno watakayosema kwenye sendofu wakati wa kugonga glasi, na karibu kila karatasi ninayoletewa huanza na "nawatakia kila la heri". Si kosa. Ila heri hiyo haina sura, kwani msemaji hajataja anachowaombea wenzake, na kitenzi alichokichagua kinamhusu yeye mwenyewe kabla ya kuwahusu wao.

Lugha yetu inayo njia fupi zaidi, nayo ni kiishio -e cha hali tegemezi. Mtaje unayemwombea mwanzoni mwa kitenzi, kisha ufunge kwa -e: ufike salama, upone upesi, mzeeke pamoja. Mtu akiwa anaondoka, ongeza -ka-, kama katika "ukapate kazi njema" au "mkaelewane", na dua yenyewe itahamia kule aendako. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, kama bariki na faulu, havibadiliki mwishoni, hivyo katika "Mungu akubariki" ni kutokuwapo kwa -na- tu kunakotuonyesha kwamba tunaomba, hatutoi taarifa. Afya na heri nayo ni maneno ya asili ya Kiarabu, jambo linalowachekesha wanafunzi wangu Waislamu, ambao huyatamka juu ya soda bila wasiwasi wowote.

Desturi ya kugonga glasi yenyewe ni ngeni kwa namna fulani katika vijiji vya mlimani, ambako mbege, pombe ya ndizi mbivu zilizochemshwa na kuchanganywa na kimea cha ulezi, ilinywewa kwa kata iliyopita mkono kwa mkono. Kata ikiwa moja, hakuna cha kuigonganisha nayo. Neno jema lilisemwa wakati wa kuipokeza, kwa mtu mmoja anayetazamwa usoni, na mpokeaji hakuweza kujificha katikati ya ukumbi mzima. Nadhani hicho ndicho tulichokipoteza tulipompa mshereheshaji kipaza sauti na kumwachia atuombee sote kwa mkupuo, muziki ukimkatiza. Kwa hiyo nikikaa na marafiki wanne au watano kwenye nyama choma, kila mmoja humgeukia aliye kushotoni kwake na kumwombea jambo analolijua: deni liishe, mtoto aanze kutembea, kahawa ipate bei.

Kuhusu jibu, "amina" hutosha karibu popote, na wengi hapa husema "tuombe uzima". "Nawe pia" inahitaji uangalifu. Nilipokuwa na malaria, jirani aliniambia, "Ugua pole, mwalimu," nami, mwalimu wa sarufi, nikamjibu, "Asante, nawe pia."