Goti Lililoumia: Maswali ya Wagonjwa na Majibu Yake

Ndani ya goti mna nini?

Goti hukutanisha fupa la paja na mfupa wa muundi, na mbele yake hukaa pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu laini, na kati yake zimo meniskasi mbili (vipande vya gegedu) zenye umbo la mwezi mwandamo, ambazo hupokea uzito wa mwili. Ligamenti nne hufunga mfupa na mfupa: mbili pembeni, na mbili katikati zilizopishana kama msalaba.

Binti yangu alitua vibaya uwanjani akicheza netiboli, goti likaalika, na kabla ya jua kuzama lilikuwa limevimba. Je, akandwe?

Hapana, tafadhali. Goti linalovimba saa chache tu baada ya kualika mara nyingi limejaa damu, na ligamenti ya msalaba ya mbele ndiyo hushukiwa kwanza. Kulikanda au kulivuta huongeza maumivu na pengine madhara. Afungwe bandeji isiyobana sana, awekewe barafu iliyozungushiwa kitambaa, ainue mguu, kisha apelekwe kwa daktari. Eksirei ikionyesha mifupa mizima msidhani yamekwisha, kwa kuwa eksirei haionyeshi ligamenti. Daktari hulikunja goti, akauvuta muundi mbele taratibu na kulinganisha na mguu wa pili, na pale inapowezekana huagiza kipimo cha MRI, yaani picha ya sumaku inayoonyesha ligamenti.

Na aliyeanguka na bodaboda?

Huyu aangaliwe unyayo kwanza. Nyuma ya goti hupita mshipa mkubwa wa damu, na goti likiteguka unaweza kukatika au kuziba. Unyayo ukiwa wa baridi, umepauka au umekufa ganzi, asisubiri asubuhi: damu inapaswa kurudi mguuni ndani ya takribani saa 6, la sivyo mguu unaweza kupotea. Apelekwe moja kwa moja hospitali ya rufaa, kwa Uganda iwe Mulago, Mbarara au Gulu.

Je, kila ligamenti iliyokatika hupasuliwa?

La. Fundi cherehani ambaye goti lake halimlegei anaweza kutosheka na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, ilhali mchezaji anayegeuka ghafla mara nyingi huhitaji upasuaji. Daktari huingiza kamera nyembamba kupitia matundu madogo, na badala ya kushona ligamenti iliyochanika, kwa kawaida huweka mpya kutokana na kano (uzi unaounganisha msuli na mfupa) ya mgonjwa mwenyewe. Meniskasi iliyochanika ukingoni, penye damu, huweza kushonwa. Sehemu ya ndani isiyo na damu mara nyingi hupunguzwa. Kurudi mchezoni huchukua angalau miezi 9, na anayeacha mazoezi njiani huipoteza kazi yote ya daktari.

Mama amewekewa goti bandia kwa sababu gegedu limelika. Ataweza kupiga magoti akisalimu?

Kwa kawaida kupiga magoti hakuliharibu goti hilo la chuma na plastiki ngumu, ambalo kwa wagonjwa wengi hudumu zaidi ya miaka 15, lakini wengi huumia au huhisi ganzi juu ya kovu. Asubiri ruhusa ya daktari, kisha ajaribu juu ya mto. Kuchuchumaa kabisa ni kugumu zaidi, kwa hiyo chooni awekewe kiti kilichoinuliwa, na wageni waelezwe mapema kwamba atawasalimu akiwa ameketi.