Tano bila za kirafiki na mengine tunayodanganyana

Tulifungwa 5–0 kwenye mechi ya kirafiki Muheza, na kwenye Kosta ya kurudi Tanga mjini hakuna aliyefungua mdomo mpaka tunapita Pongwe. Hapo mzee mmoja wetu wa Makorora, aliyeanza kuifuata timu hii wakati sisi bado tunacheza chandimu, akatoa hukumu: "Msimu huu tumekwisha, wanangu."

Hiyo ndiyo dhana kubwa kuliko zote, kwamba mabao ya kirafiki yanatabiri ligi. Mechi yenyewe ilikuwa hivi. Kipindi cha kwanza walicheza wale wa msimu uliopita, tukaenda mapumziko tukiwa nyuma kwa moja. Kipindi cha pili mwalimu akabadilisha wote isipokuwa kipa, akaingiza vijana na watu wa majaribio. Wenyeji nao walikuwa na mamluki wawili kutoka timu ya daraja la juu, waliokuja kutafuta pumzi tu. Manne yaliyofuata yalimshangaza nani?

Nilichungulia daftari la mwalimu, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Matokeo hayakuandikwa popote. Kulikuwa na mistari kama "beki wa kushoto akipanda anarudi anatembea", na chini yake, kwa wino uliokandamizwa: "KONA. Mlingoti wa pili nani?" Mabao matatu kati ya matano yalitoka kwenye kona, yote kwa kichwa, yote mlingoti wa pili, ule ulio mbali na mpiga kona. Nauli tuliyochangishana ililipa kujua hilo kabla halijatugharimu pointi. Mimi naogopa zaidi ile kirafiki unayoshinda sita dhidi ya timu iliyokusanywa asubuhi kijiweni, maana hapo daftari linabaki jeupe.

Wengine husema kirafiki haina sheria. Pangani tulikaribia kushikana mashati kwa sababu kiungo wao alitolewa, akakaa chini akamenya chungwa, kisha akarudi uwanjani kana kwamba alikwenda msalani. Sheria 17 za soka ni zilezile. Idadi ya sabu inaweza kuongezwa, lakini timu zikubaliane na refa aambiwe kabla ya mpira kuanza. Hata dakika zinaweza kupunguzwa, mradi makubaliano yafanyike mapema na vipindi vyote viwili vilingane. Aliyetoka harudi, isipokuwa kwenye soka la vijana, la maveterani, la walemavu au la ngazi ya chini kabisa, na huko pia shirikisho la nchi liwe limeruhusu. Anayepewa nyekundu mpira ukiwa umeshaanza hana wa kumrithi, mnabaki kumi. Sasa refa wa mchangani akisahau kuuliza haya kabla ya filimbi, jiandaeni kwa kelele.

Halafu kuna huyu wa majaribio. Anakuja na njumu za kuazima, jezi haina namba, anafunga mawili, na jioni kijiwe kizima kinamwita mkombozi. Kocha huangalia vingine: anakaba akipoteza mpira? Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi yupo mazoezini? Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na nadhani aliyeutunga aliwahi kusimamia usajili.

Mazoezi ya ufukweni pia yana wafuasi wake, wanaoamini kwamba ukikimbia Raskazone mpaka utapike, mechi za maandalizi ni anasa. Kukimbia kwa mwendo mmoja kunajenga pumzi, sikatai. Lakini mpira ni kuchomoka, kusimama ghafla, kugeuka na kugongana, na msuli wa nyuma ya paja usiozoea kuchomoka ndio unaokatika wiki ya kwanza ya ligi. Yapo mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+, ya dakika 20 hivi, yanayofanyika walau mara mbili kwa wiki, na tafiti zimeonyesha yanapunguza majeraha. Hayadai gym. Yanadai watu wafike kwa wakati, na hapo ndipo tunaposhindwa.

Na wale wanaouliza kwa nini tunajisumbua wakati mji una Coastal Union, mabingwa wa ligi ya Tanzania Bara wa 1988? Kutoka ligi ya wilaya unapanda ya mkoa, kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, ndipo Ligi Kuu. Ngazi ni ndefu, ila ipo.

Jumamosi iliyofuata tulicheza nyumbani, tukafungwa 2–1. Mzee hakufika, alikuwa na msiba Duga. Nilimkuta jioni kwenye kahawa, nikampa matokeo, akatikisa kichwa kama kawaida yake. Kisha akauliza, "La kona lilikuwepo?"

"Hakuna, mzee. Walipiga kona saba."

Akanisogezea kashata.